Sura ya Saba: Bwana wa Kofia Ndefu Apeleka Posa

Siku hiyo mjinga alikuwa Sajenti Mutegi, na hakuna aliyemnyang'anya cheo hicho.

Alikuwa amezipanga zile picha juu ya meza ya Madam Gladwell, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, kila mfuko na kibandiko chake cha ushahidi. Meza ilijaa Waingereza wa zamani. Mabinti wenye magauni meupe yaliyobanwa chini tu ya kifua kisha yakaachwa yaanguke hadi miguuni, na kofia zilizofungwa kwa riboni chini ya kidevu. Mabwana wa koti fupi mbele na refu nyuma, buti za kufika magotini, kofia ndefu kama mabomba ya moshi. Huyu anainama, yule anabusu glavu, mwingine amejificha nyuma ya mti akimtazama msichana mwenye upepeo.

Gladwell, mkuu wa wapelelezi pale Meru mjini, aliichukua moja. Akaitazama mbele. Akaigeuza nyuma. Akaisoma kwa sauti anayosomea mashtaka.

"Agosti. Jumatatu, Jumanne, Jumatano." Macho yakashuka. "Bucha ya Khalifa. Nyama safi ya mbuzi na ng'ombe. Matumbo tunaosha wenyewe."

Mutegi alingoja aibu ije. Haikuja. Ilikuja harufu ya chai iliyopoa, basi.

Kwenye benchi, mkoba juu ya mapaja, alikuwa ameketi Safiya, fundi wa magauni ya harusi mwenye duka karibu na msikiti. Picha zilitolewa ukutani mwake Jumamosi, pamoja na yeye mwenyewe.

"Nilikuambia ni kalenda," Safiya alisema. "Ukaniambia, mama nyamaza, usiharibu ushahidi."

"Ulisema kwa wasiwasi."

"Ulikuwa umesimama na viatu juu ya kitambaa cha bibi harusi. Ulitaka niseme kwa taarabu?"

Gladwell hakucheka. Aliirudisha picha mahali pake. "Kwa nini umebandika Wazungu wa bucha dukani, Mama Safiya?"

"Kwa sababu ya kiuno." Safiya aliinuka, akamwekea kidole binti mmoja wa gauni jeupe. "Kiuno kiko hapa juu. Chini ni kitambaa tu, kinaanguka. Mimi wasichana wengi wananijia wakiwa wamechelewa kidogo, madam, unanielewa. Mtoto ameshatangulia, na kanisa linangoja. Nikimshonea hii, hata mama mkwe hawezi kuapa. Hao Waingereza walikuwa na shida zetu, ila walikuwa na fundi."

"Nenda nyumbani, mama," Gladwell alisema. "Afisa atakurudisha na gari. Na atakulipia kitambaa."

"Afisa yupi?"

"Mjinga wa leo."

Safiya akaanza kukusanya mkoba wake. Gladwell akamgeukia Mutegi. Hakupandisha sauti. Gladwell alikuwa hapandishi sauti. Ndiyo maana watu walimwogopa.

"Nikueleze kesi yako, maana naona umeipoteza njiani. Shule ya wasichana pale Kaaga ina riwaya za Kiingereza za zamani, zilizoachwa na bibi mmoja mmishonari. Zina picha za rangi, na picha hizo ndizo zenye thamani. Shule ilitaka kuzionyesha kwenye sherehe, ikaita mtaalamu kutoka Nairobi, akasema karatasi za picha ni mpya. Mtu amekata zile halisi na kubandika nakala za kuchorwa. Kabati lina funguo moja, anayo Nelius, mkutubi. Nelius yuko seli yetu tangu Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana anapelekwa kortini, na ukishapeleka mkutubi kortini kwa wizi wa vitabu, hata akiachiliwa kesho hakuna shule itampa kabati lingine. Nina funguo. Sina picha moja halisi. Wewe umeniletea matumbo."

"Niko na kitu kingine," Mutegi alisema.

"Nini?"

Mutegi alikuwa hajui bado. Alikuwa anaitazama Agosti. "Mama Safiya, Khalifa alizitoa wapi hizi picha?"

Safiya alisimama mlangoni. "Shuleni hukohuko. Binti yake alisoma pale. Aliwaomba, akaenda na mtu wa kamera, wakapiga vitabu, wakachapisha kalenda. Alitaka kalenda ambayo haina ng'ombe. Hiyo ni ya mwaka juzi, tazama."

Mutegi akaanza kucheka. Alicheka polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

"Madam, hii siyo ushahidi wa wizi. Ni ushahidi wa kabla ya wizi. Mwaka juzi picha halisi bado zilikuwa kitabuni, na bucha ikazipiga. Nani mwingine ana hizo za kulinganisha na nakala? Nipe hadi mchana."

"Chukua matumbo yako uende," alisema Gladwell.

*

Kaaga kulikuwa na manyunyu ambayo hayaamui kuwa mvua. Maktaba ilikuwa na baridi, na wasichana waliokuwa nje walisema kwa sauti za chini, kama kuna maiti ndani.

Naibu wa mwalimu mkuu alifungua kabati, akaondoka. Mutegi alivaa glavu za mpira, akaitazama mikono, akatazama mabwana wa kalenda na glavu zao za ngozi. "Leo tumevaa sawa," akawaambia.

Alifungua kitabu cha kwanza. Picha na kalenda: buti kwa buti, riboni kwa riboni. Mchoraji alikuwa fundi. Upepeo ulikuwa na mbavu zilezile. Mbwa chini ya meza alikuwa na sikio lilelile lililovunjika. Kitabu cha pili, hivyohivyo. Mutegi alienda ukurasa kwa ukurasa bila kuketi, na alipomaliza kitabu cha mwisho bila kuona tofauti, alijiambia kwamba amekuwa mjinga mara mbili kabla ya saa sita, na hiyo ni rekodi hata kwake.

Kisha akakumbuka Agosti. Agosti aliiacha chini ya nyingine.

Kwenye kalenda, ilikuwa sebule. Msichana yuko dirishani. Kijana wa kofia ndefu, kofia ameibana kwapani, anamwinamia msichana na kumpa kishada kidogo cha maua. Nyuma yao baba wa msichana amelala kwenye kiti, gazeti kifuani.

Kitabuni, msichana alikuwa dirishani vilevile. Koti lilikuwa lilelile, mkia nyuma. Lakini kijana alikuwa hamtazami msichana. Alikuwa ameinama mbele ya mzee. Na mzee alikuwa macho. Na kilichokuwa mikononi mwa kijana, mikono yote miwili, si kishada. Kilikuwa mzigo mrefu, wima, vichwa juu, umevikwa majani mapana chini na kuzungushiwa kamba ya kahawia.

Mutegi akachukua kioo cha kukuzia. Akalitazama shavu la mzee wa Kiingereza. Lilikuwa limevimba upande wa kushoto, kidogo tu, jinsi shavu linavyovimba mtu akiwa na kitu ndani anachokitafuna pole.

"Mzee," Mutegi akamwambia, "habari ya Tigania?"

Yeye alikuwa mtu wa Embu, na Embu mtoto hazaliwi akijua mambo haya. Alijifunza kwa bei yake. Siku alipokwenda Muthara, kulekule Tigania kwenye miraa, kuomba mke, alinunua miraa nzuri sokoni, ikiwa imefungwa jinsi ilivyofungwa, akaipeleka kwa baba wa msichana kwa heshima zote. Mzee aliitazama bila kuigusa. Akamuuliza: hii umeniletea niuze? Basi peleka wewe ukauze. Ilibidi arudi siku nyingine na ncoolo, mzigo wa miraa unaofungwa kwa ajili ya posa tu, unaompa mzee mlango wa kusema ndiyo au hapana. Mzee alisema ndiyo. Mke mwenyewe baadaye alisema hapana, akarudi kwao, na katika ndoa nzima elimu iliyombakia Mutegi ni namna ya kufunga kamba ya mgomba.

Alipiga picha kurasa zote mbili. Mtaalamu wa Nairobi alipima karatasi, mchoro hakuutazama. Na mchoraji? Mchoraji aliyenakili kila ubavu wa upepeo hakosei maua kwa bahati mbaya. Hii alimalizia bila kuwa na ile halisi mbele yake. Picha halisi ilikuwa imeshaondoka, mnunuzi alikuwa na haraka. Alikumbuka sebule, alikumbuka msichana, alikumbuka kwamba kijana amepeleka kitu. Hayo mengine mkono ulijimalizia wenyewe, kwa njia pekee uliyokuwa unajua kijana akienda kuomba msichana.

Funguo zilikuwa na Nelius. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

*

Nelius alikuwa ameketi kwenye seli ya wanawake, mgongo umenyooka, kama bado kuna wanafunzi wanamtazama.

"Umekunywa chai?"

"Ililetwa."

"Sijauliza hivyo."

"Ililetwa," alirudia.

Mutegi akachuchumaa upande wa pili wa vyuma. "Nelius, nataka nikuulize kuhusu baba yako. Tulipoenda kupekua kwenu Timau, tulimkuta amepanga viti nje. Akatuambia, karibuni, tuliambiwa mtakuja. Mimi niliandika hivyo kwenye faili. Niliona ni kitu kikubwa. Familia ilijua polisi wanakuja, kwa hivyo walificha. Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Ulimwambia polisi wanakuja?"

"Nilimwambia kuna watu watakuja." Aliongea kama anayesoma ubao. "Wageni. Wanaume wa heshima, na gari. Nilimwambia avae koti. Si nyinyi nilimaanisha."

Mutegi aliiona tena ile siku. Mzee mrefu wa Timau, mlinzi mstaafu wa shamba la maua, amevua kofia katika baridi ile, anaishika kwa mikono miwili. Majirani kwenye ua. Maafisa wakimimina magunia ya ngano kwenye turubai, wakitafuta picha za Wazungu. Mzee hakuivaa tena kofia mpaka gari lilipoondoka.

"Nilisikia mlimwaga ngano," alisema Nelius.

"Tulimwaga."

"Ilinyeshewa?"

"Kidogo."

Aliitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia akiambiwa saa.

"Wageni hao walikuwa watoke wapi?"

"Muthara. Mwalimu Kinoti, wa sanaa. Tumekuwa pamoja muda. Alinichora nikiwa nimevaa gauni kama zile za vitabuni. Alisema nitavaa hivyo."

"Lini?"

"Lini hakusema."

"Na vitabu? Alikuwa anavigusa?"

"Migongo ilikuwa imeachana. Alikuwa anaibandika upya. Anachukua kimoja, anakirudisha, anachukua kingine. Funguo sikumpa hata siku moja. Kitabu ndicho nilikuwa nampa."

"Kwa nini hukusema haya Ijumaa?"

"Mliniuliza nani mwingine ana funguo," Nelius alisema. "Nikajibu hakuna."

Mutegi akasimama. Magoti yalilia. Aliyekuwa amemwambia Ijumaa kwamba Nelius huenda kwao Timau kila wikendi na begi kubwa, na kwamba polisi makini wangeanzia huko, alikuwa Mwalimu Kinoti. Alimwambia kwa huzuni, akamshika bega. Mutegi alimshukuru. Alimnunulia soda.

*

Kinoti alikuja akiwa amevaa koti safi na rangi kidogo chini ya kucha. Aliitwa kama shahidi, kutambua michoro. Gladwell aliketi kando akijifanya anasoma gazeti. Kitabu kilikuwa wazi mezani.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa rangi," Mutegi alianza. "Mimi mchoro wangu wa mwisho ulikuwa jembe, darasa la tatu, na mwalimu aliuliza ni ndege gani. Nisaidie. Huyu kijana ameshika nini?"

"Maua, afande. Waingereza wakichumbia walikuwa wanapeleka maua."

"Mimi nilidhani ni miraa."

Kinoti akacheka vizuri tu. "Miraa Uingereza? Miaka ile?"

"Labda ni maua ya mji wa Maua."

"Hiyo ni nzuri, afande."

"Na mzee ana nini shavuni?"

"Jino. Wazee wanaumwa na meno."

"Sawa. Maua na jino." Mutegi aliinua kitabu kwenye mwanga, akakunja uso. "Basi mimi nashukuru, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfikiria mtu wa kwenu. Lakini nimeona hawezi kuwa wa kwenu. Aliyechora hii ni mtu wa kubahatisha. Tazama alivyofunga. Amefunga kama ya kupakia gari iende Nairobi. Ya kuuza."

"Hiyo si ya kuuza."

"Ni ya kuuza, mwalimu. Mimi ni mtu wa Embu lakini nimeoa Muthara, nimerudishwa langoni na mzigo kama huu. Mzee akiona hivi, anamfukuza kijana na kofia yake. Huyu aliyechora hajawahi kuona posa hata kwa mbali. Mimi nasema ni mwanamke. Nasema ni Nelius mwenyewe, amechora juujuu, akamaliza."

"Nelius hawezi kuchora hata duara."

"Ndiyo nasema. Ona kazi. Ovyo."

Kinoti alikivuta kitabu kwake. Uso ulikuwa umebadilika. Haukuwa na hofu, ulikuwa na kero ya mwalimu anayesahihisha.

"Afande, usiseme kitu hujui. Ya sokoni ni vifungu vidogovidogo vimeunganishwa, hata kipofu akishika anajua. Hii ni moja. Nzima. Vichwa vyote viko juu, majani yamekunjwa yakiingia ndani, na mbele hakuna fundo. Hiyo ni ncoolo, na hakuna mzee Tigania yote angeirudisha."

Gladwell aliacha kugeuza gazeti.

"Mbele hakuna fundo," Mutegi alisema. "Naona. Liko wapi?"

"Liko nyu..." Kinoti akafunga mdomo.

"Nyuma," Mutegi akammalizia. "Nyuma ya mzigo, kwa upande wa kijana, ambako pichani hakuonekani. Wewe umelionaje, mwalimu?"

Manyunyu yaliendelea juu ya mabati. Gladwell alinyoosha mkono, akaiweka Agosti kando ya kitabu: kishada kidogo, msichana akipokea, mzee amelala. Kinoti alizitazama zote mbili, na alichosema kilikuwa cha ajabu.

"Kumbe alikuwa anampa msichana," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Nilidhani haiwezekani."

"Zile halisi ziko wapi?" Gladwell aliuliza.

"Hiyo imeuzwa. Nyingine ziko Muthara, kwa mama. Hajui ni nini."

Gladwell akamwonyesha afisa mlango kwa macho, na afisa akatoka. Aliporudi alikuwa na Nelius, ambaye alikuwa ameletwa kuchukua mkoba na kamba za viatu vyake. Alisimama ukutani. Alimwona Kinoti, akaona kitabu, akaona kalenda, kwa mpangilio huo. Mutegi alimsukumia kiti. Hakuketi.

Kinoti akageuka kwenye kiti chake. Sasa alianza kuongea haraka, kwa sauti ya mtu anayejua bado anapendwa na anataka kuutumia upendo huo kabla haujaisha.

"Nelius, niambie nani ameumia. Vile vitabu nani alikuwa anavifungua? Wewe peke yako. Wasichana wanaandika majina ya wavulana juu yake. Mimi nimechora picha nzuri kuliko zao, hata mtaalamu alilazimika kupima karatasi ili ajue. Shule haikupoteza kitu. Wewe ungetoka leo au kesho, hawana ushahidi, nilijua hawana."

"Usiisemee mahakama," alisema Mutegi.

"Nasema na yeye. Nelius, nilikuwa niende kwa baba yako na nini? Mshahara wa mwalimu wa sanaa? Kwenu wangenicheka. Nilifanya hivi ili nifike nikiwa mtu. Ilikuwa ni ya posa. Yote ilikuwa ni ya posa yetu. Hilo pia ni kosa?"

Nelius alisogea mezani. Alilitazama shavu la yule mzee wa Kiingereza, koti lake, kiti chake kizuri, na kijana aliyemwinamia kwa mikono miwili. Akakifunga kitabu taratibu, jinsi alivyokuwa akivifunga jioni, akihakikisha hakuna ukurasa uliokunjika.

"Mzee wa pichani ulimpelekea ncoolo," alisema. "Wangu ulimpelekea polisi."